Mimea dhidi ya fangasi wa mdomoni: inaua, lakini inatibu?

Ule utando mweupe wa ulimini, ambao ukiukwangua unaacha nyama nyekundu inayouma, mara nyingi ni kazi ya Candida albicans. Fangasi huyu huishi kinywani mwa watu wengi bila kuwadhuru, hadi kinga inapolegea au antibayotiki zinapofagia bakteria waliokuwa wakimbana.

Wanaotetea dondoo za mimea, yaani maji au mafuta yanayokamuliwa kwenye mimea, kama tiba ya fangasi huyu wana hoja nzito. Seli ya fangasi inafanana na ya binadamu kuliko ya bakteria inavyofanana nayo, kwa hiyo dawa za kumuua bila kutudhuru ni chache. Nistatini, dawa ya fangasi iliyogunduliwa mwaka 1950, bado inatumika. Flukonazoli, dawa nyingine, humzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, aina ya mafuta ya utando wa seli yake, lakini Candida krusei, ndugu wa Candida albicans, ina usugu wa asili dhidi ya dawa hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Candida albicans kwenye kundi la fangasi hatari zaidi. Nayo mimea ina silaha: eujenoli ya karafuu huharibu utando wa seli ya fangasi, na alisini ya kitunguu saumu huvuruga vimeng'enya vyake.

Hayo yote nayakubali. Shaka yangu inaanzia pale matokeo ya maabara yanapogeuzwa ushauri wa tiba. Kwenye sahani ya maabara fangasi analowa ndani ya dondoo kwa saa 24, hana pa kukimbilia. Kinywani mate yanaisafisha dawa ndani ya dakika chache, na kwenye meno ya bandia kandida hujijengea tabaka linalonata ambalo hata dawa za hospitali hupenya kwa shida. Kipimo nacho ni kitendawili. Alisini huzaliwa kitunguu kinapopondwa, kisha huanza kuharibika, hivyo maji ya kitunguu ya leo si sawa na ya jana. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza kinywa, na mtoto akiyameza yanaweza kumuumiza ini.

Linalonitia hofu zaidi ni wagonjwa wenyewe. Anayeishi na VVU yumo miongoni mwa wanaoshambuliwa sana na fangasi hawa, na virutubisho vya kitunguu saumu vimeonekana kupunguza kiwango cha saquinavir, dawa ya VVU, katika damu. Dawa za hospitali nazo zina makali yake: jeli ya mikonazoli, dawa ya fangasi, ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumfanya mtu avuje damu.

Kwa maoni yangu, dondoo zifanyiwe majaribio kwa watu, zikianza na wenye meno ya bandia ambao kinga yao ni nzuri. Kwa mtoto mchanga au mwenye kinga dhaifu, hapana. Na anayeumia akimeza asipoteze siku akisukutua, maana huenda fangasi ameshashuka kwenye umio, ambako maji ya kusukutua hayafiki.