Nusu senti ya Phoenix na basi la Katuba

Juzi mdogo wangu alinipigia simu jioni kutoka Katuba, komini (kata) moja ya mji wa Lubumbashi, Kongo, sauti imechoka. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "leo tulilipa mara mbili, juu mvula ilinyesha." Mtu wa Lubumbashi hahitaji maelezo. Basi la kutoka mjini linakata njia nusu, abiria wanashushwa, kisha lile lile linajaza tena kwa bei nyingine. Asiye na franka za ziada anakanyaga tope, au anambembeleza manseba, yaani kondakta.

Mimi niko Phoenix, Arizona. Usidhani ni peponi. Mji umetandazwa kama mkeka, Julai joto linapita nyuzi 43, na asiye na gari anakaangwa kituoni akisubiri basi. Nilikaangwa miaka miwili. Kwa kweli, kule Lubumbashi, komini ya Kenya au ya Kamalondo, ukitoka nje hukosi cha kupanda. Kwa hiyo mabasi ya huku siyaonei wivu. Wivu wangu uko kwenye mfuko unaoyalipia.

Mwaka 1985 wakazi wa kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, walikubali kwa kura wakatwe nusu senti kwa kila dola ya manunuzi, miaka 20, hasa kwa barabara kuu. Mwaka 2004 wakaongeza miaka 20. Novemba 2024 wakaongeza mingine 20, na hiyo ndiyo kura yangu ya kwanza kama raia. Nikinunua viatu vya dola 40, senti 20 zinaenda huko. Mgawo nao umeandikwa: asilimia 40.5 barabara kuu, 22.5 barabara kubwa za mitaani, 37 usafiri wa umma. Haikupita kirahisi. Mwaka 2023 gavana alikataa kusaini muswada wa kwanza wa kuruhusu kura hiyo, na wa pili ukapita kwa sharti kwamba pesa hiyo isirefushe reli ya treni za mjini. Kwa kaunti ya watu zaidi ya milioni 4, mimi naona huo ni ujinga.

Lakini miaka 20 si mchezo. Ukijua leo utapokea nini mwaka wa 15, unakopesheka leo, na unanunua ardhi ya barabara kabla watu hawajajenga. Kwetu barabara inakuja nyumba zikiwa zimeshasimama. Unaamka asubuhi unakuta msalaba mwekundu ukutani, na wazee wanaanza kupekua makaratasi ya kiwanja. Shangazi yetu alipakwa msalaba huo. Walibomoa sebule yake, barabara ikaishia nyumba ya tatu mbele, pesa zimekwisha. Mpaka leo shangazi anapokea wageni jikoni.

Na msiniambie Lubumbashi ni maskini. Malori ya shaba na kobalti yanateremka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, na kwenye peaji, vituo vya ushuru wa barabara, yanalipa. Tangu 2008 kuna sheria ya FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, inayokata kitu kwenye bei ya mafuta kwa ajili ya kutengeneza barabara. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 utawala wa mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Sasa nionyeshe fungu la abiria wa Katuba. FONER ni ya barabara, haiweki basi juu yake. Mabasi ya serikali tumeyaona yakiingia kwa fanfari na hotuba, halafu yanalala uani yakikosa vipuri, kwa kuwa siku ya fanfari hakuna aliyetenga pesa ya vipuri.

Mimi ningeliomba bunge la jimbo edikti moja, yaani sheria ya jimbo: katika kila franka 100 za mrabaha zinazofika jimboni, 2 ziende kwenye mabasi ya mji kwa miaka 20, akaunti yake peke yake, na hesabu zibandikwe kila mwaka kwenye mlango wa kila komini.

Nilimweleza mdogo wangu. Akacheka. "Na gavana mwingine akifika, si atakula yote?"

Nikamwambia tangu 1985 Arizona imepita mikononi mwa magavana 9, na nusu senti haijakatika.

Akanyamaza kidogo. "Basi, Yaya, hiyo edikti waandike na habari ya mvula."