Ukitaka Kupotea, Uliza Barzani

Hebu niambieni, nani aliyeipa barza yetu ya hapa Unguja leseni ya uwakala wa safari? Mtu katulia zake, kanunuliwa tiketi na mwanawe aliyeko nje, hata jirani hajamuaga, keshazungukwa. Wa kwanza kumfundisha namna ya kubadilisha ndege Frankfurt ni yule ambaye safari yake ndefu kabisa ni ya boti hadi Mkoani, Pemba, na huko nako alifika rangi imemtoka. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Waje hapa alasiri: wazee wapo wanane, na neno limeharibika tangu kikombe cha kwanza.

Chukua saa tu. Tiketi za ndege zinahesabu toka usiku wa manane, sisi tunahesabu toka jua linapotoka na linapozama. Tofauti ni saa sita, hapana uchawi. Ukiona 07:00, toa sita: saa moja asubuhi. Ukiona 21:45, toa sita, inabaki 15 na dakika zake. Imepindukia 12, toa 12 nyengine: saa tatu na dakika 45, yaani saa nne kasorobo usiku. Namba ikiwa sita au chini yake, unaongeza sita badala ya kutoa. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Lakini barzani mtu mwenye 07:00 anaambiwa, "Saa saba mchana hiyo, kula kwanza." Naye anakula! Pilau, na ndizi juu yake, kisha anajinyoosha kidogo, na muda huo ndege yake imeshatua Maskati na kiti chake kitupu.

Hilo dogo. Balaa lenyewe ni ndege ya baada ya usiku wa manane. Tiketi imeandikwa Ijumaa tarehe 14, 00:45. Kijana wa simu mbili anaitazama mara moja: "Ijumaa usiku, mzee, tukishaswali Isha tunakusindikiza." Uongo mtupu. Hiyo ni saa saba kasorobo ya usiku ule unaoanza Alkhamisi magharibi. Na ukitaka kucheka, bibi asiyejua hata kuwasha simu ndiye anayepatia, maana kwake siku inaingia jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni huo wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo msafiri kiwanjani anatakiwa Alkhamisi saa nne kasorobo usiku, saa tatu kabla ya ndege. Atakayekwenda Ijumaa baada ya Isha atakuta ndege imeondoka karibu saa ishirini nyuma. Na tiketi za bei ya chini zina ukali wake: usipotokea safari ya kwenda, mara nyingi na ya kurudi wanaifuta. Lakini nani atamsikiliza bibi, hana simu mbili.

Halafu "Maskati ni saa ngapi?" Mtu anatoa tiketi: kuondoka 04:00, kufika 10:00, basi barza nzima inapiga kelele saa sita. Ni tano. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake wenyewe, na Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Jeddah, Doha na Istanbul saa yao na yetu ni moja. Kwa London usikubali jawabu la mkato: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha, kwa hiyo wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wao wa joto na tatu wakati wa baridi. India wametuzidi saa mbili na nusu. Nepal saa mbili na dakika 45. Hiyo ya Nepal usiitaje kabisa hapa, watakwambia umetunga.

Sasa njoo kwenye hiyo "viza ya Ulaya". Ulaya kwa watu wetu ni nyumba moja yenye vyumba. Ukishapita mlango wa mbele, unatembea. Basi ipo kweli nyumba ya namna hiyo, inaitwa Schengen, ina nchi 29, na mipaka yake haifuati akili ya mtu aliyekaa. Uswisi, Norway na Iceland zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja, lakini Schengen hazimo. Uingereza haimo kokote, na viza yake unaiomba peke yake. Kwa hiyo yule anayesema "nenda Paris, kisha chomoka London kwa treni umsalimie shangazi, rudi," anakupeleka pabaya mara mbili: London hawakupokei kwa viza ya Ufaransa, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukishatoka huna pa kurudi.

Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kuliko siku 15. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikiwa sawa, kwa ile utakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, nao wakikunyima hawakurudishii. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Pasipoti ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kule, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na iwe na kurasa mbili tupu. Nchi nyengine nyingi zinataka miezi sita, basi ikipungua hapo nenda kabadilishe ulale usingizi. Barza ikisikia mwisho wa kukaa ni siku 90 ndani ya kila siku 180, inakuja na dawa yake: "Toka uende Uturuki siku moja, rudi, hesabu inaanza upya." Haianzi! Kila siku unayokuwepo wanatazama siku 180 za nyuma. Wakikuta 90 umeshazila, umezila. Na siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka inahesabiwa.

Jina nalo ni kizaazaa. Wewe ni Fulani bin Fulani bin Fulani, na fomu inataka jina la ukoo. Mmoja anasema weka la baba, mwengine la babu, wa tatu anasema changanya. Funua pasipoti ukurasa wa picha, tazama chini kabisa. Ipo mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, ile inayosomwa na mashine. Mstari wa juu, baada ya herufi TZA za Tanzania, linaanza jina wanalolihesabu la ukoo, kisha alama mbili za <<, kisha yaliyobaki. Hivyohivyo ndivyo unavyojaza tiketi, herufi kwa herufi. Mohamed wa pasipoti asiwe Muhammad wa tiketi, hata kama huyo wa pili ndiye aliyeandikwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Na mzigo, ya Rabi. Ndugu wa Zanzibar haagwi, anapakiwa. Kilo 23 zake zinakwisha kabla hajatia nguo. Kila nyumba ina kifurushi cha mtu wa kule, na kila kifurushi "chepesi tu". Achari, haluwa laini na mafuta ya nazi vinahesabiwa na vitu vya majimaji: mkononi chupa isizidi mililita 100, zote ndani ya mfuko wa lita moja. Vipo viwanja vilivyoanza kulegeza baada ya kuleta mashine mpya, lakini usitie achari ya watu rehani kwa ajili hiyo. Tia begi kubwa, funga na nailoni mara tatu, maana achari ikivuja kwenye kanzu nyeupe hapana dobi wa Ulaya atakayeelewa. Pawabanki kinyume chake: inakwenda mkononi, begi kubwa hairuhusiwi, na isizidi wati-saa 100. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, imepita. Ikivuka 27,000 umeshagusa mpaka.

Kwa chakula, Umoja wa Ulaya wana sheria ambayo ningelipa nauli kuwaona walioiandika. Nyama huingizi. Maziwa huingizi, wala samli ya bibi, hata iwe ndani ya kopo la Kiingereza. Lakini samaki unaruhusiwa kilo 20. Akiwa ni mmoja aliyezidi uzito huo, mchukue huyohuyo mmoja. Kwa hiyo ng'onda wako, samaki wa kukausha, halali yako, ila uwasitiri, watu wana pua. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea, embe na shokishoki zote zimo humo. Matano tu yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Doriani! Tunda linalofukuzwa hotelini, ndilo waliloliachia mlango. Usifurahi lakini, maana yapo mashirika ya ndege yasiyolikubali kwa harufu yake.

Tena yupo anayekata tiketi mwenyewe kwa simu, hapa barzani, ushauri unamwagika kutoka pande zote. Anaandika Pemba, simu inamletea Pemba, anabonyeza. Ile Pemba yenye herufi za kiwanja POL ni mji wa Msumbiji, kule Cabo Delgado. Ya kwetu, Chake Chake, ni PMA, na Unguja ni ZNZ. Herufi hizo tatu ndizo za kuamini, jina la mji ni mapambo. San José ni SJO ikiwa Costa Rica, na SJC ikiwa California. Istanbul ina IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Ukishuka kimoja na ndege ya pili iko kingine, huna njia ila uingie nchini mwao, na kuingia kunataka ruhusa. Kiwanja wanachokiita cha Paris kule Beauvais kiko kama kilomita 85 kutoka Paris. Na siku ya safari tazama ile karatasi wanayofunga begini: iwe na herufi za mwisho wa safari. Ikiandikwa za mji wa njiani, begi lako linashuka njiani.

Fomu za mitandaoni zikiuliza nchi, watu wanaitafuta Zanzibar kwenye Z, wakikuta Zambia na Zimbabwe wanakasirika. Pengine wanakasirika kwa haki, tulikuwa na kiti chetu Umoja wa Mataifa toka Disemba 1963 hadi Muungano wa Aprili 1964. Lakini hasira haijazi fomu. Tafuta Tanzania kwenye T, ikikosekana ipo kwenye U, wameanza na "United".

Ubishi wa ukubwa wa nchi ndio unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu wanauamua kwa ramani ya ukutani. Ramani ile mtindo wake ni wa Mercator, wa mwaka 1569, ulitengenezwa kwa manahodha washike mwelekeo, na kila kilicho karibu na ncha za dunia inakivimbisha. Greenland inaonekana sawa na Afrika, na Afrika inaimeza mara 14. Tanzania ni kubwa kuliko Ufaransa ya Ulaya na Ujerumani pamoja. Pemba peke yake, hii ya karafuu, ni kubwa kuliko Singapore, ni kubwa kuliko Bahrain, na Malta inaingia kama mara tatu. Hapo ndipo Wapemba wanaponyanyuka kushangilia, na mazungumzo yamekwisha.

Ramani hiyohiyo inawapotosha kwenye kibla. Sisi Makka iko kaskazini moja kwa moja, imepinda mashariki kiasi cha nyuzi moja tu, basi mtu anatoka hapa akiamini kibla ni kaskazini ya dunia nzima. Maskati kibla ni magharibi. Istanbul ni kusini, kimevuta kidogo mashariki. London ni kusini-mashariki. Toronto je? Wote kwa sauti moja: "Kusini-mashariki!" Ni kaskazini-mashariki. Chukua chungwa, shika uzi, uvute kutoka Toronto hadi Makka bila kuulegeza, uone unavyopanda juu kwanza. Ndege za Dubai kwenda Los Angeles nazo hupanda kaskazini kuelekea Aktiki kwa sababu hiyohiyo, rubani hakupotea. Asiyetaka chungwa angojee tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, ambazo ndizo za Makka. Jua linakuwa juu ya Al-Kaaba, na popote linapoonekana duniani, ukilielekea umeelekea kibla. Akikosa, tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27.

Ubishi wa miji mikuu sina nguvu nao tena. Australia ni Canberra, Uturuki ni Ankara, Brazil ni Brasília, Nigeria ni Abuja toka 1991, na Afrika Kusini wana mitatu, msiniulize upi.

Cha mwisho plagi. Maskati na London matundu ni matatu kama yetu. Ujerumani na Ufaransa ni meno mawili ya duara, nunua kichwa cha kubadilishia sokoni Darajani kabla hujaondoka. Marekani ni meno bapa, na umeme wao ni volti 120, wetu ni 230. Chaja ya simu haijali, imeandikwa 100–240. Lakini pasi ya kupiga kanzu uliyoibeba toka Michenzani itakupa robo tu ya moto wake. Nimewaeleza hilo kwa ufasaha, volti kwa volti, na walichokielewa ni kwamba Marekani nako kuna mgao wa umeme.