Chipu Zilizopita Mikono Mingi

Sanduku lenyewe lilikuwa dogo kama la viatu vya mtoto, lakini mtu wa posta alilibeba kwa mikono miwili. Nilipolifungua ikanijia harufu ya sigara. Nyumbani kwangu hapa Columbus, Ohio, havuti mtu, kwa hiyo harufu ilifika hadi jikoni na mke wangu akauliza nimeleta nini. Nikamwambia ni chipu za poka, vile visahani vya kuwekea dau katika mchezo wa karata, 600, zilizotumika miaka kadhaa katika kasino moja ya Tunica, Mississippi, ambayo imeshafunga milango. Akaja, akachukua moja nyekundu, akaigeuzageuza, akapitisha ukucha ukingoni.

"Sasa baba Nasra, kwa nini hukununua mpya?"

Siku ile nilijibu ovyo. Leo nataka kujibu vizuri, kwa sababu naamini kwamba kwa meza ya nyumbani hakuna chipu inayoifikia ile iliyochakaa kazini.

Kwanza niliweke wazi hili, maana najua wasomaji wangu. Mezani kwangu hakuna fedha. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, watu saba au wanane: wa Tanga, wa Mombasa, wawili wa Bukavu, mmoja wa Bujumbura. Tumo Waislamu na Wakristo, na hakuna anayetoa hata senti. Anayeshinda anaandikwa jina lake kwenye daftari, basi. Wapo watakaosema karata ni karata tu hata bila fedha, na sitabishana nao. Ila nataka ieleweke, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo: pale ambapo hakuna fedha, chipu inabaki peke yake kubeba uzito wa mchezo.

Poka bila uzito haichezeki. Mtu anaweka dau, wewe unaamua kufuata, kuongeza, au kutupa karata zako. Ufundi wote uko katika ule muda mfupi wa kusita, unapomtazama mwenzako na kujiuliza kama anazo au anakutisha tu. Kama dau halimuumi mtu, hakuna anayesita, na kama hakuna anayesita hakuna cha kusoma usoni.

Tuliyaona hayo kwa macho yetu. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya plastiki yenye kipande cha chuma ndani, gramu 11.5 kila moja, ukingoni imechapwa picha za dadu, ndani ya mkoba unaong'aa wa alumini. Zilikuwa nzito kuliko nyingi za kasino halisi, na watu wakishika kitu kizito hudhani ni kitu bora. Lakini zilikuwa zinateleza. Ukipanga 20 mnara unakwenda upande, na zikigongana zinalia kama vifuniko vya soda. Vijana walikuwa wakisukuma rundo lote katikati tangu mkono wa kwanza, yaani mgao wa kwanza wa karata, huku wanacheka, na baada ya dakika 40 mchezo umekwisha na watu wako kwenye simu zao. Sikuwalaumu. Walichokuwa wakisukuma hakikuwa kitu.

Mwezi wa kwanza wa chipu za Tunica nakumbuka mkono mmoja. Kijana wa Mombasa aliongeza dau kwa chipu tatu za kijani. Zamu ikawa ya mzee wetu wa Bukavu, aliyekuwa na ree ya shupaza mkononi na karata nyingine ya maana. Akachukua chipu moja ya kijani kutoka kwenye rundo lake, akaanza kuipapasa kwa kidole gumba, pale katikati ambapo jina la kasino limefifia. Akakaa hivyo muda mrefu. Meza nzima ikanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Hii ni franga ya batu," akairudisha mahali pake, akatupa karata. Hakuna aliyemcheka. Tulikuwa tumeanza kucheza poka.

Alichosema mzee ndicho ninachokiamini. Chipu ile iliwahi kuwa fedha ya watu. Kuna mtu aliipata usiku mmoja akaifumbata asiiachie, na mwingine aliiweka mezani huku mkono unamtetemeka. Leo huwezi kuipeleka popote ukapewa dola 25, lakini mkono unajua tofauti ya kitu kilichokuwa na thamani na kitu kilichotoka dukani jana.

Na mkono unajua kwa sababu za kweli kabisa, si ndoto zangu. Chipu za kasino za aina hii hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye udongo ndani yake, unaoshindiliwa katika kalibu kwa joto na shinikizo kubwa, kipenyo kama milimita 39. Ile milia ya rangi ukingoni haipakwi. Kisahani hukatwa, sehemu iliyokatwa ikajazwa kipande cha rangi nyingine, kisha vyote vikashindiliwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana ukingo ukilika miaka kumi milia bado ipo, inaendelea hadi ndani. Zangu ni za Paulson. Kampuni hiyo ilianzishwa na Paul Endy mwaka 1963, ikaungana na wenzake mwaka 2002 na kuitwa Gaming Partners International, na mwaka 2019 ikachukuliwa na Angel ya Japani. Alama yao ni kofia ndefu na fimbo, zilizochapwa mduara kuzunguka uso wa chipu. Ikiwa mpya, alama hizo zina makali, ukingo ni mkali, na uso una utelezi fulani. Lazima ishikwe na watu wengi kwanza ndipo itulie.

Tena chipu hizo mpya mtu wa kawaida hauziwi. Zinakwenda kwa kasino zenye leseni. Kwa hiyo sisi wa nyumbani tukitaka kushika kitu hicho halisi, njia yetu ni kusubiri kasino ifungwe au ibadilishe jina, na mzigo wake upate njia ya kutoka.

Mara nyingi haupati. Jimbo la Nevada, lenye mji wa Las Vegas, lina kanuni kwamba kasino inayofunga au inayoacha kutumia chipu fulani iwape watu muda wa kuzibadilisha kwa fedha, kisha ieleze itaziteketeza vipi. Sababu naielewa: kila chipu iliyo mfukoni mwa mtu ni deni la kasino, na chipu za zamani zikizagaa wadanganyifu hawakosi. Hata hivyo naumia. Kasino ya Stardust ilifungwa Novemba 2006, Riviera ikafuata mwaka 2015, na mwaka 2024 peke yake Las Vegas iliaga Tropicana na Mirage. Kila mara nikisikia habari kama hizo, watu wengine wanazungumzia jengo litakavyoangushwa kwa baruti, mimi nawaza maelfu ya chipu zinazosagwa kuwa unga. Zitobolewe tundu katikati, zipigwe muhuri wa kufutwa, halafu waziache ziende majumbani kwa watu. Hazitamdhuru mtu.

Tunica ni hadithi nyingine. Ilikuwa moja ya kaunti maskini kabisa za Marekani, nchi ya pamba kando ya mto Mississippi, kusini ya Memphis. Jimbo liliporuhusu kasino kwa sharti kwamba zielee majini, wakachimba mifereji kutoka mtoni, wakaegesha majahazi humo, wakajenga juu yake. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1992. Mei 2011 mto ulifurika na kasino zote za huko zikafungwa kwa muda. Biashara ilikuwa imeshaanza kudorora, na mwaka 2014 iliyokuwa kubwa kuliko zote, Harrah's, ikafunga kabisa. Nikizishika hizi chipu nawaza madereva wa malori, wastaafu walioletwa na mabasi, wafanyakazi wa mashambani baada ya mshahara wa Ijumaa. Najua pia kwamba baadhi ya mikono hiyo ilipoteza kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Hilo silifumbii macho. Nafurahi kwamba chipu hizi zimestaafu mahali ambapo haziwezi kumnyang'anya mtu kitu tena.

Ukizipanga kwa thamani unaona jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia. Nyeusi za dola 100 bado zina ukingo mkali, kofia na fimbo zinasomeka zote. Za kijani zimelainika. Nyekundu za dola tano ndizo punda wa kazi, zimezunguka meza usiku na mchana, kingo zake zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika nusu. Na zile za dola moja zimeisha kabisa. Kofia huioni tena, unaihisi tu kwa ncha ya kidole ukitafuta sana. Pesa ndogo ndiyo iliyofanya kazi kubwa, kama ilivyo kila mahali. Hizo za dola moja ndizo nizipendazo kupita zote, na ajabu ni kwamba ndizo zinazouzwa rahisi.

Kuziosha kulinichukua wiki mbili za jioni. Beseni la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini, chipu 20 kwa mara moja. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya mkandaa. Usitie maji ya moto na wala usithubutu kuziweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, zitapinda, na chipu iliyopinda ikilala mezani inazunguka kama pia. Zikikauka zinapauka, kama ngozi ya mtu aliyetoka baharini; unazipaka mafuta kidogo sana yasiyo na harufu, unafuta, na rangi inarudi. Nasra alitaka kunisaidia nikamkatalia, kwa sababu chipu nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi ili ziwe na uzito. Sisi watu wazima tunanawa mikono kabla ya kula, na mtoto hachezei. Anayenunua seti ya namna hii na ana watoto nyumbani asilipuuze hilo.

Jambo jingine la kuangalia: usichanganye zilizochakaa na zilizo mpya, hata kama rangi ni zilezile. Zilizolika ni nyembamba, kwa hiyo mnara wa 20 za zamani ni mfupi kuliko mnara wa 20 mpya, na anayehesabu kwa kutazama kimo atakosea. Sisi tunahesabu kwa mkono, nne nne.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli kwa mambo mengi. Lakini hata kwetu kila mtu anajua kuna vitu vinavyokomaa kwa kushikwa. Mama hambebi kichanga kwa kanga iliyotoka dukani na wanga wake. Anatafuta ile iliyofuliwa ikalainika. Pale Tanga, barazani kwa babu yangu, palikuwa na bao la mninga ambalo mashimo yake yalikuwa yameng'aa kwa ndani, na kete zake zilikuwa komwe za kijivu zilizosuguliwa na vidole hadi zikawa kama zimepakwa mafuta. Mjomba mmoja alirudi safari na bao jipya, zuri, lenye nakshi pembeni. Wazee walilisifu, wakalicheza mara moja, jioni iliyofuata wakarudi kwenye lao. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni ubishi wa wazee. Sasa naelewa kwamba kete za zamani zilikuwa zinamwagika shimoni kwa sauti waliyoizoea, na mtu anayetakata, yaani anayegawa kete shimo kwa shimo, haraka haraka anahitaji kete inayoingia kidoleni bila kufikiriwa.

Chipu hizi zinafanya hivyohivyo. Hazilii, zinatoa sauti nzito kama ya kokoto zilizolowa. Zinashikana, mnara wa 20 unasimama hata meza ikigongwa na goti. Mtu akiwa anafikiri vidole vyake vinazitenganisha na kuziunganisha bila yeye kujua, na ukikaa naye miezi mitatu unaanza kujua anavyozichezea akiwa na karata nzuri na anavyozichezea akiwa hana kitu. Kwa zile za plastiki hakuna aliyezichezea, zilikuwa zinamponyoka.

Siku hizi mchezo wetu unafika saa sita za usiku. Vijana wanasita, wanauliza rundo la mwenzao lina kiasi gani kabla ya kuongeza. Mke wangu, aliyeuliza swali lile, ameanza kukaa nasi, na jina lake limeshaandikwa kwenye daftari mara mbili.

Na ile chipu ya kijani ya mzee wa Bukavu ina pengo dogo ukingoni, kama meno ya panya. Akifika huwa hata hajavua koti. Anakwenda kwenye trei, anapekua za kijani hadi aione, anaiweka mbele yake peke yake, ndipo anauliza kama chai iko tayari.