Tochi ya Trafiki na Kitanzi

Kila mauaji ya kutisha yanapotangazwa, husikika sauti zinazodai kwamba sheria zetu ni laini mno na adhabu ziongezwe. Mimi siafiki. Nchini Tanzania, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, wala jaji hana hiari ya kumpa adhabu nyingine. Unyang'anyi wa kutumia silaha nao una kifungo kisichopungua miaka 30. Sijui tunataka kuongeza nini juu ya hapo. Hukumu za kunyongwa zimeendelea kutolewa, lakini hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, na muuaji anayepanga kosa lake haogopi kitanzi kwa kuwa anaamini hatakamatwa, ilhali anayeua kwa hasira hafikirii lolote.

Sasa itazame faini ya shilingi 30,000 ya mwendo kasi. Dereva wa basi la Mbeya, ambaye hakuna abiria anayeweza kumtuliza, hushuka mwenyewe hadi kilomita 50 kwa saa anapokaribia kibao cha kijiji, kwa kuwa huenda askari amejibanza nyuma ya mti na tochi yake ya kupima mwendo. Faini hiyo ni ndogo, lakini inaweza kumpata leo hii.

Hata hivyo, hofu hiyo haifiki mbali. Madereva huonyana kwa taa kwamba mbele kuna trafiki, na wakishampita mwendo hurudi palepale. Na pale ambapo askari anaridhika na hela ya soda, hata ule uhakika mdogo unayeyuka. Wengi wetu hatuibi wala hatuui, na hatujawahi kuifungua Kanuni ya Adhabu hata siku moja. Tunazuiwa na malezi, na aibu mbele ya majirani, na pia imani kwamba sheria inambana mkubwa kama inavyombana mdogo. Imani hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu dereva aliyesimamishwa kwa kilomita 56 anapoona gari la mkubwa likipita kwa 120 bila kuulizwa, hujifunza kwamba kosa lake ni kukosa cheo.

Kwa hiyo, badala ya bunge kukesha likirefusha vifungo, ningependa fedha na watu wapelekwe kwenye upelelezi na maabara, ili mahabusu, na ndugu wa marehemu pia, wasiendelee kurudishwa nyumbani au rumande kila baada ya wiki mbili kwa maneno yaleyale ya mwendesha mashtaka, kwamba upelelezi haujakamilika.