Bunduki ya zamani isiwe kisingizio cha kumwaga sumu kwenye maji

Risasi, kwa Kiswahili, ni kile kinachotoka bundukini, na pia ni yale madini laini, mazito, yenye sumu. Neno moja limebeba vyote viwili kwa sababu kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Humu nitasema marisau kwa zile punje ndogo za kuwindia ndege, na risasi nitaiachia madini.

Bunduki ninayoizungumzia aliniachia baba mkwe wangu, huku Norfolk, Uingereza. Ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, imetengenezwa Birmingham kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kitako chake kimelainika pale marehemu alipoegemeza shavu miaka yote ile. Naipenda kweli. Ila tangu 1999 ni marufuku England kupiga bata na bukini kwa marisau ya risasi, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kuipanua marufuku hiyo mpaka kwenye uwindaji mwingine, kwa kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Wenzangu wenye bunduki za umri huu wamechukia. Mimi naiunga mkono.

Aliyewahi kumpasua kuku jikoni anajua firigisi ina nini ndani: mchanga na vijiwe. Bata naye humeza changarawe ili zimsagie chakula, na punje ya risasi iliyozama topeni haioni tofauti na kijiwe. Firigisi inaisaga, sumu inaingia kwenye damu, ndege anadhoofu mpaka anakufa kichakani bila mtu kumwona. Watafiti wamekadiria kwamba Uingereza hupoteza hivyo ndege wa majini kati ya 50,000 na 100,000 kila mwaka. Wala si jambo la Wazungu peke yao. Bata wanaokimbia baridi ya Ulaya mashariki na Siberia hufika mpaka Naivasha, na mkataba wa AEWA wa 1995, unaolinda ndege wa majini wanaohama, ulizitaka nchi wanachama zijitahidi kuachana na marisau ya risasi kwenye ardhioevu ifikapo 2000. Kenya, Tanzania na Uganda zimo.

Shida ya bunduki kuukuu, kwamba si kila marisau mbadala yanaifaa, ni ya kweli, sitaidharau. Mara ya kwanza nilipotafuta mbadala, muuzaji mmoja alinipa boksi la katriji (maganda yenye baruti na marisau ndani) za marisau ya chuma, bei nafuu, akaniambia, "Zinaingia tu." Ni kweli zilikuwa zinaingia, na hapo ndipo penye hatari. Chemba ya bunduki yangu, pale nyuma ya mtutu inapokaa katriji, ina urefu wa milimita 65. Katriji ya milimita 70 huingia bila taabu kwa sababu mdomo wake umekunjwa, lakini urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Ukifyatua, mdomo unakunjuka na kubana pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, na presha inapanda.

Fundi bunduki ndiye aliyenionyesha. Aliingiza kipimo cha shaba kwenye chemba, kikakwama mapema kuliko nilivyotarajia, kisha akanigeuzia mitutu chini ya taa na kunisomea mihuri ya ukaguzi mmoja mmoja. Birmingham wanapima mitutu kwa kufyatua baruti ya ziada tangu 1813, na mihuri hiyo inasema mtutu ulipimwa kwa kiwango gani. Akapima na unene wa kuta. Akaniambia chuma nisahau: ni kigumu, hakijibani kinapopita kwenye mdomo mwembamba wa mtutu, na bunduki yangu imebanwa sana mdomoni.

Kilichobaki ni marisau ya bismuthi, madini mengine mazito, iliyochanganywa na bati kidogo. Ni laini kiasi cha kutoumiza mtutu, na zipo katriji zake za milimita 65 zenye presha ya chini. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya risasi. Lakini mtu anayewinda bata kwa bunduki ya urithi hafyatui katriji mia kwa siku. Malalamiko ya bei nayaelewa kwa wapiga shabaha, kwetu siyaelewi.

Lawama yangu naipeleka kwa watengenezaji. Wengi wanaandika uzito wa marisau na kasi kwa herufi kubwa, halafu presha hawaigusi. Mnunuzi anadhani katriji yenye marisau machache ni ya upole, kumbe baruti inayowaka haraka inaweza kupandisha presha hata kwa mzigo mwepesi, na bega lisihisi chochote. Namba hiyo wanayo, wameipima kabla ya kuuza. Waichape kwenye boksi, karibu na urefu wa chemba.

Msimu huu nimenunua maboksi mawili, katriji 50. Bismuthi ina uzito wa gramu 9.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, risasi 11.3, kwa hiyo punje zake hupoteza nguvu mapema. Nimechomeka kijiti kwenye matete, mita 30 kutoka ninapojificha. Bata akipita nyuma ya kijiti hicho, simpigi.