Wapendanao polepole, na nani anayelipia muda

Aliyeachwa siku hizi hupewa ushauri mmoja, awe yuko saluni Kondele au nje ya kanisa Milimani hapa Kisumu: usikimbilie mwingine, pona kwanza. Wawili walioumia wakikutana, huambiwa hivyo hivyo mara mbili. Watembee ufukweni Dunga jioni, wale samaki, wapigiane simu, kila mtu arudi kwake. Nakubaliana na sehemu kubwa ya ushauri huu. Kasoro yake ni kwamba hausemi polepole hadi lini, wala nani atagharamia.

Tuseme mwanamke ana miaka 36, anauza mitumba Kibuye, ana mtoto mmoja, na mumewe alihamia kwa mwingine. Mwanamume ana 41, fundi wa stima wa Mamboleo, alimlipia mchumba karo mpaka chuo kikuu, mchumba akaolewa kwingine. (Kisa hicho cha karo hakikosi Kisumu, wanaume hukisimulia kama mechi waliyoporwa na refa.) Wote wawili wana sababu ya kuogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ila unyasi haujamkosea mtu. Fundi akichelewa kupokea simu, mwanamke anamkumbuka mume aliyekuwa akizima yake kila Ijumaa. Zitahitajika Ijumaa nyingi za simu kupokelewa ndipo moyo utulie, na maneno matamu hayawezi kuzipunguza. Halafu kuna mtoto. Akishamzoea "anko", anko akiondoka, kwake nyumba imevunjika mara ya pili. Hapo wanaotetea mwendo wa pole wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa.

Wanaohimiza haraka huchekwa kama mashangazi wenye njaa ya mahari. Hata hivyo wanaona kitu. Kuna watu wasiopona wakiwa peke yao hata wakipewa miaka kumi. Hupona wakishapata wa kumwamini. Tena muda haumgharimu kila mtu sawa. Mwanamke wa 36 anayetaka mtoto mwingine ana miaka michache mkononi. Fundi anaweza kuendelea "kupona" mpaka 50 na hakuna shangazi atakayemuuliza.

Uislamu una eda: mjane asiye na mimba hukaa miezi 4 na siku 10 kabla ya kuweza kuolewa tena. Shabaha yake ni maombolezo na kuhakikisha kama kuna mimba, wala haikuwekwa kwa ajili ya mapenzi mapya. Ninachokipenda ni kwamba siku zake zinajulikana na kila mtu, na hakuna mchumba anayeweza kuziongeza. Ni kweli kwamba eda humhusu mwanamke peke yake. Lakini hata katika mapenzi haya ya mjini yasiyo na tarehe, mara nyingi anayengoja ni yeye.

Hatari kubwa zaidi ni ya wanaopona huku wamehamiana. Zinaanza kuachwa nguo mbili tatu, kisha sufuria, kisha kodi inalipwa na yeyote mwenye salio M-Pesa. Hakuna aliyeamua lolote. Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema ndoa ya kudhaniwa kutokana na watu kuishi pamoja itambuliwe kwa nadra. Miaka mingi ya kukaa pamoja haitoshi. Sharti ionekane kwamba wote wawili walikusudia na kukubali kuoana. Kwa hiyo wawili wanaowaambia marafiki "sisi tunaenda tu polepole, hatujapanga kitu" wanajitengenezea ushahidi kwamba hawakuoana. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara ahadi ikivunjwa anaweza kulipwa fidia. Hawa hata ahadi hawana. Na huku kwetu magharibi swali la nani alikuwa mke huulizwa kwa sauti kubwa zaidi matangani, wakati mmoja wao hawezi tena kujibu.

Kwa maoni yangu, moyo upewe muda wake wote, lakini mazungumzo yasicheleweshwe. Kabla sufuria ya kwanza haijahama, wajue kama mtoto mwingine anatakiwa, kodi ni ya nani, na kama kuna anayengoja kuona iwapo wa zamani atarudi. Mwendo wa pole wa kweli huonekana: mwaka ukiisha, fundi anajua nyumbani kwa mama wa yule mwanamke, au angalau anajua kwa nini hajapelekwa. Kama mwaka wa pili bado ni Dunga na samaki, hapo hakuna anayekwenda popote.

Mtaniambia kuuliza mapema humfukuza mtu aliyejeruhiwa. Huenda. Ila mwanamke akiuliza ataambiwa anatafuta mahari, na atakuwa amepoteza zaidi kama jibu ni hapana. Ndiyo maana ningetaka mazungumzo hayo yafunguliwe na yule ambaye kungoja hakumgharimu sana, na katika mfano wangu huyo ni fundi.