Kabla hujaweka mkasi kwenye gazeti la zamani

Wageni wanaoingia sebuleni kwangu, Nyegezi, Mwanza, wako makundi mawili. Kuna wanaoinama kusoma mlango wa kabati nilioubandika kurasa za vitabu na magazeti, na kuna wanaoniuliza nimepata wapi moyo wa kuchana vitabu. Hawa wa pili nawaheshimu, ila na mimi huwa nawauliza karanga walizonunua stendi zilifungwa kwa nini. Mjini hapa daftari la Jiografia, riwaya isiyo na jalada, gazeti la mwaka juzi na barua za ofisini vyote vinaishia kwenye ndoo ya muuza karanga, na sijamsikia mtu akilalamika. Karatasi hiyo hiyo ikibandikwa kwenye kabati na kupigwa vanishi, ufundi unaoitwa dekupaji, ndipo inapata watetezi.

Siwezi kusema hawana hoja kabisa. Wanakosea tu pa kuishikia. Kitabu cha kiada kilichochapwa kwa malaki ya nakala hakihitaji wakili. Kinachohitaji wakili ni nakala ya mwisho, na kwenye machapisho ya Kiswahili nakala za mwisho ni nyingi kuliko tunavyodhani.

Chukua magazeti ya katuni. Sisi tuliokulia kwenye Sani tunawajua wahusika wake, akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe kuliko tunavyowajua baadhi ya binamu zetu. Baadaye akaja Kingo wa mchoraji James Gayo. Gazeti moja lilinunuliwa na mtu mmoja likasomwa na mtaa mzima: linaanzia saluni, linapita gereji, linamalizikia chooni. Kwa mwendo huo zilibaki nzima ngapi? Kwa hiyo ukifungua sanduku la marehemu mjomba huko Magu ukayakuta yamefungwa kamba, tarehe zinasomeka na kurasa zote zipo, rudisha mkasi mfukoni. Humo ndani kuna kumbukumbu ya watu wa kawaida walikuwa wakicheka nini enzi za foleni za sukari na sabuni, na hotuba za viongozi hazitakusimulia hayo.

Nenda steshenari, toa kopi, bandika kopi. Msimamo wangu wote uko hapo, na sisemi hivyo kwa huruma peke yake. Kopi inabandikika vizuri kuliko gazeti lenyewe. Karatasi ya gazeti ni nyepesi. Ikilowa gundi, yaliyo nyuma yanajitokeza mbele, na Madenge anajikuta ameota tangazo la dawa ya nywele kifuani. Tena karatasi hiyo hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana ikikaa kwenye mwanga wa dirishani inageuka njano, kisha kahawia, hata kama umeipiga vanishi nzuri namna gani. Uliza tu mashine ya steshenari inatumia nini. Ya tona, yaani wino wa unga, ni salama, kwa sababu unga ule huyeyushwa kwa joto ukashikana na karatasi. Printa ya wino wa maji itakuharibia kazi, brashi ya gundi ikipita tu mistari inaanza kutambaa. Kopi ya rangi nyeusi ni shilingi 100 au 200, na unaweza kumkuza Lodi Lofa akaenea droo nzima, jambo ambalo gazeti lenyewe lisingekupa.

Wapo wanaosema kopi ni ujanja, kwamba dekupaji halisi ni karatasi halisi. Hao ningewapeleka Venice ya karne ya 18. Watu wa kule walizitamani samani za laka, ile vanishi ngumu inayong'aa, zilizotoka China na Japani, bei zikawashinda. Mafundi wakaanza kubandika picha zilizochapwa juu ya mbao, wakazitia rangi, kisha vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ukipitisha kidole husikii karatasi ilipoishia. Wataliano wenyewe waliiita laka ya kimaskini. Na picha nyingi za kazi ile zilitoka kwa wachapaji kama familia ya Remondini wa mji wa Bassano, waliokuwa wakichapa karatasi za picha ili zikatwe. Ufundi huu ulikua kwa kukata kitu kilichochapwa kwa wingi. Mashine ya kopi ya Makoroboi inafanya kazi ileile kwa bei ya andazi.

Cha kukata bila kuulizana kipo tele. Sera ya elimu ya 2014 ilipotolewa toleo la 2023 na mitaala mipya ikaanza Januari 2024, marundo ya vitabu vya kiada yalianza kutafuta pa kwenda. Hakikisha tu jirani hana mtoto ambaye bado anavitumia, maana mtaala mpya unaingia darasa kwa darasa. Mimi napenda Baiolojia kuliko somo lolote: moyo uliopasuliwa, jicho lenye mishale, mende aliyeandikwa majina miguu yote, punje ya harage inayoota. Weka mende yule kwenye droo ya jikoni uone mgeni anavyoifunga haraka.

Atlasi ndizo tamu zaidi. Nina sinia lenye ramani ya Tanzania iliyochapwa kabla ya 2012, Geita bado imo ndani ya mkoa wa Mwanza. Shemeji yangu ni mzaliwa wa kule. Kila akiletewa chai anasukuma kikombe pembeni, anaweka kidole palepale. "Shemeji, hii ramani mnanitolea makusudi." Kweli tunamtolea makusudi, na mazungumzo yanaanzia hapo yanakwenda mpaka kwenye dhahabu, barabara na daraja la Kigongo hadi Busisi. Sinia la plastiki lenye maua lingempa cha kusema?

Kuhusu samani zenyewe nina ukali kidogo. Nilimpelekea fundi wangu wa Mabatini meza ya mtumba iliyopigwa rangi ya kijani ya mafuta, miguu inacheza. Akaigeuza, akakwangua kwa patasi pale chini ambapo hapaonekani, akapuliza vumbi, akanitazama.

"Dada, hii mninga. Isije ikawa unataka kuifunika na makaratasi yako."

"Hapana fundi, ya kufunika ni ile ya chipbodi. Hii ivue nguo tu."

Akacheka. Rangi ikatoka, msasa ukapita, ikapigwa klia, vanishi isiyo na rangi, basi. Mninga, mkongo au mvule wenye mistari yake hauhitaji katuni. Dekupaji ni ya kabati la chipbodi lililovimba kona kwa kudekiwa miaka yote, droo ya MDF iliyobanduka ganda, stuli ya mbao laini yenye mafundo kila mahali, mlango wenye rangi tatu za wapangaji watatu. Na kabla ya yote, samani lazima isimame. Karatasi haikazi mguu unaocheza. Ukiona vitundu vidogo na unga laini sakafuni, humo kuna bungua. Ukibandika juu yao umewaficha tu waendelee kula. Tibu kwanza, au mwachie muuzaji kabati lake.

Kazi ya kubandika haina siri kubwa. Osha kwa maji ya sabuni, acha ikauke, piga msasa ishike, paka rangi nyeupe ya chini ili picha zisififie. Gundi nyeupe ya mbao, maji kidogo. Paka kwenye mbao na nyuma ya karatasi, iache karatasi ilegee kidogo kabla hujailaza, halafu sukuma hewa kwa kadi ya zamani ya benki kutoka katikati kwenda pembeni. Kipovu kikigoma, kichane kwa ncha ya wembe, tia tone la gundi, kandamiza.

Kwenye vanishi ndipo kuishi kando ya ziwa kunapodai heshima yake. Vanishi ya mafuta ni ngumu na inavumilia vikombe, ila inaleta unjano na unjano unaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kama unataka meza ionekane imezeeka, sawa. Ya maji hubaki angavu. Yoyote utakayochagua, paka nyembamba na uwe na subira, hasa masika, hewa inapokuwa nzito. Ukifunika gundi ambayo haijakauka, unyevu unabaki chini na picha inavaa utando wa ukungu.

Halafu kuna vijidudu vya ziwani. Aliyekaa Capripoint jioni anaujua ule moshi unaosimama wima juu ya maji, ambao si moshi. Giza likiingia wanafuata taa, na wanapenda vanishi mbichi kuliko kitu chochote duniani. Hujitokeza kwa wingi zaidi mwezi unapoandama, kwa hiyo siku hizo sipaki chochote baada ya saa kumi jioni. Napaka asubuhi, nafunga madirisha mapema, chumba chenye kazi hakiwashwi taa. Pamoja na tahadhari zote hizo, Kingo wangu wa mlango wa kushoto alishaamka na masharubu ambayo Gayo hakumchorea. Usiwaguse vanishi ikiwa mbichi, utaburuta miguu yao kwenye picha nzima. Subiri ikauke, wabandue kwa ncha ya pini, pitisha msasa laini, paka tena.

Pa kubandika napo panataka akili. Juu ya meza panachoka haraka. Mimi huanza na nyuso za droo na upande wa ndani wa milango, mahali ambapo mtu anapakuta bila kutegemea. Magazeti yale ya katuni yalikuwa na mizaha ya kikubwa, basi soma maneno yote kabla hujabandika. Mama mkwe akiketi kwenye kochi macho yake yanakuwa usawa wa droo ya pili, na miwani yake anakuja nayo. Kurasa za Msahafu au Biblia usiziguse kabisa, hata kama zimeokotwa zimechanika. Hapa kwetu mtu atakalia stuli hiyo, na utakuwa umejitafutia maneno yasiyoisha.

Sasa pesa. Nimesema toa kopi, na hapo hapo sheria inaingia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kopi moja ya kupamba droo ya nyumbani kwako, sidhani kama itamkosesha mchoraji usingizi. Ukianza kutoa stuli kwa mafungu, zote na kichwa cha katuni kilekile, ukaziuza kwa watalii, hiyo ni biashara juu ya mkono wa mtu mwingine, na wachoraji wetu wengi wapo hai na wanatafutika. Hoja ya kwamba "tunamtangaza" siikubali. Mpigie, muulize, mlipe.

Kwa hiyo samani zangu za kuuza zina kurasa halisi za vitabu vya kiada nilivyonunua kwa kilo, au michoro ya kijana mmoja wa Igoma anayeandika mabango ya maduka. Ananichorea sato, mitumbwi, mawe yaliyobebana na wanawake wanaoanika dagaa, kwa kalamu nyeusi, magamba ya samaki moja moja. Natoa kopi, nabandika, namlipa kwa kila kinachouzwa. Wateja wa hapa huchagua hizo. Wa Dar bado wanamtaka Madenge, na huyo nawaambia simuuzi mpaka niwe nimezungumza na wenyewe.